Ganja hakufa: Marlene Clark na filamu iliyokatwakatwa

Waliokulia karibu na majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja miaka ya 1970, na wadogo zao waliokuja kubanana kwenye mabenchi ya vibanda vya video, wameitazama Enter the Dragon hadi wanaweza kuisimulia pigo kwa pigo. Wanamkumbuka Bruce Lee ndani ya chumba cha vioo. Wanamkumbuka Han na mkono wake wa bandia, na Jim Kelly na afro lake. Lakini yumo pia mwanamke mmoja Mweusi anayepita upesi sana: katibu muhtasi wa Roper, yule Mmarekani mcheza kamari aliyezongwa na madeni. Anatokea, anafanya kazi yake, hadithi inashika njia ya Hong Kong na hatumwoni tena.

Jina lake ni Marlene Clark. Mwaka uleule wa 1973, mama huyu alikuwa ameibeba mabegani filamu nyingine kabisa, Ganja & Hess, kazi ya bajeti ndogo iliyotengenezwa nje ya studio kubwa za Hollywood. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya kutisha ya Wamarekani Weusi iliyoipita hadi leo, na Clark ndiye sababu kubwa ya kusema hivyo. Watu wengi waliomwona kwenye filamu ya Bruce Lee hawakuwahi kumwona kwenye hii ya pili. Haikuwa kwa uvivu wao. Filamu yenyewe iliondolewa mbele ya macho ya watu, ikachanwa, ikauzwa vipandevipande kwa majina ya uongo.

Clark alizaliwa Harlem, New York, tarehe 19 Desemba 1937. Alianza kwa kazi ya uanamitindo, na mwaka 1968 akapata sehemu ndogo katika For Love of Ivy, filamu ya Sidney Poitier. Mwaka huohuo aliolewa na mwigizaji Billy Dee Williams, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua zaidi kwa Star Wars. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi baadaye waandishi wa habari walipotaka kumtaja Clark walianza na jina la mume. Ni tabia ya uandishi inayonikera, maana kufikia wakati huo mwanamke huyu alikuwa tayari ameshacheza katika kazi mbili za mtu ambaye angekuja kubadilisha maisha yake ya usanii.

Mtu huyo ni Bill Gunn, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na wa riwaya. Gunn ndiye aliyeandika mswada wa The Landlord, iliyotoka mwaka 1970, na Clark alikuwa na sehemu ndogo humo. Mwaka huohuo Gunn akaongoza filamu yake ya kwanza, Stop!, iliyopigwa Puerto Rico kwa fedha za Warner Bros. Clark alikuwamo tena. Studio ilipoitazama kazi iliyomalizika haikuitoa. Iliifungia kabatini, na huko imekaa karibu maisha yake yote. Kwa hiyo wawili hawa walipokutana kwa mara ya tatu, walikuwa wanajuana, na walijua pia jinsi kazi ya mtu inavyoweza kuzimwa kwa simu moja kutoka ofisi ya juu.

Katikati ya hapo Clark alifanya kazi za kupata riziki. Mwaka 1972 alikwenda Ufilipino, ambako kampuni ya Roger Corman, New World Pictures, ilikuwa ikitengeneza filamu nyingi kwa gharama ya chini, na akaigiza katika Night of the Cobra Woman. Humo yeye ni Lena, mwanamke aliyefungamana na nguvu za swila tangu vita vya pili vya dunia, asiyezeeka kwa sababu anajilisha kwa uhai wa wanaume. Wanaume wananyauka, yeye anabaki mbichi. Filamu yenyewe ni dhaifu: mazungumzo ni mazito kama mawe na hadithi inapotea njia mara kwa mara. Hata hivyo mtazame Clark peke yake. Kila mtu kwenye filamu ile anacheza kama anayejua kwamba yuko kwenye kazi ya bei rahisi. Yeye anacheza kana kwamba Lena ni mtu kweli, mwenye upweke wa mtu aliyewazika wote aliowapenda.

Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo sinema ya heshima ya Marekani ya wakati ule haikulitaka. Katika filamu kubwa, mwanamke Mweusi alikuwa mtumishi, mpenzi wa shujaa anayekufa mapema, au katibu anayejibu simu. Filamu za kutisha za bei ndogo zilikuwa na kasoro nyingi, ikiwamo tamaa ya kumvua mwanamke nguo kila baada ya dakika chache, lakini zilikuwa na nafasi. Mtayarishaji asiye na fedha za kumwajiri nyota hawezi kuchagua sana. Ndiyo maana Clark akapewa kuwa kitovu cha hadithi, mtu mwenye siri, njaa na hasira. Gharama yake ilikuwa kwamba mwanamke huyo alilazimika kuwa jinamizi.

Mwaka 1974 alikuwa Uingereza, kwa kampuni ya Amicus, kucheza The Beast Must Die pamoja na Peter Cushing na Calvin Lockhart, mwigizaji mzaliwa wa Bahamas. Lockhart ni tajiri anayewaalika wageni kwenye jumba lake kwa sababu anaamini mmoja wao hugeuka mbwamwitu usiku wa mwezi mpevu, naye anataka kumwinda. Clark ni Caroline, mkewe. Filamu inakumbukwa zaidi kwa kituko chake cha kusimamisha hadithi kwa nusu dakika na kuwapa watazamaji nafasi ya kubahatisha mnyama ni nani. Mimi naikumbuka kwa jambo jingine: mwaka 1974, kwenye sinema ya Uingereza, tajiri wa jumba ni Mweusi, bibi wa jumba ni Mweusi, wageni Weupe wanakula mezani kwao, na hakuna anayelitolea maelezo. Lakini hatima ya Caroline ni ileile iliyowasubiri wanawake wengi wa filamu hizi. Maambukizi yanamfikia, anageuka, na risasi ya fedha inatoka kwenye bunduki ya mumewe mwenyewe.

Ganja & Hess ilianza kama agizo la biashara. Mwaka 1972 Blacula, hadithi ya mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyegeuzwa mnyonya damu, iliingiza fedha nzuri. Kampuni ndogo ya New York, Kelly-Jordan Enterprises, ikataka ya kwake. Walimwita Gunn wakampa kama dola 350,000. Gunn hakuwa na hamu yoyote na wanyonya damu. Alikubali, akachukua fedha zile na kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza: filamu kuhusu uraibu, kuhusu tabaka la Weusi wenye fedha, kuhusu msalaba na miungu iliyokuwako kabla ya msalaba kufika.

Dakta Hess Green ni msomi tajiri anayechunguza Myrthia, taifa la kale la Afrika ambalo Gunn alilibuni. Anachezwa na Duane Jones, shujaa wa Night of the Living Dead ya mwaka 1968, mwigizaji mwingine ambaye Hollywood haikujua imfanyie nini. Msaidizi wake mpya, George Meda, anayechezwa na Gunn mwenyewe, ni mtu aliyevurugikiwa na akili. Usiku mmoja anamchoma Hess mara tatu kwa jambia la ibada la Myrthia, kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha anajiua. Hess hafi. Anaamka akiwa na kiu, anaiona damu ya Meda sakafuni, anapiga magoti na kuiramba. Neno la mnyonya damu halitajwi hata mara moja. Hakuna meno marefu wala joho jeusi. Kuna mwanamume aliyevaa vizuri, mwenye gari la kifahari na mtumishi, anayeiba chupa za damu kliniki kama mlevi anayeficha chupa zake.

Hadi hapo filamu ni nzuri lakini ni baridi. Kisha simu inalia. Mke wa Meda amefika kutoka Amsterdam na anamtafuta mumewe. Ganja Meda anaingia katika jumba la Hess na hewa yote ya filamu inabadilika. Nimejaribu mara nyingi kueleza kinachotokea Clark anapoingia, na jibu langu ni hili: wengine wote humo ndani wanaongea kama watu wanaotafakari, yeye anaongea kama mtu anayetaka kitu sasa hivi. Anataka chakula, anataka chumba, anataka kujua mume yuko wapi, na anamwamuru mtumishi wa nyumba kana kwamba yeye mwenyewe alizaliwa humo. Ni jeuri, ni mchoyo, anachekesha, na macho yake yanahesabu thamani ya kila samani. Mwandishi mwoga angeona haya kumwonyesha mwanamke Mweusi namna hiyo, kwa kuhofia kwamba ataaibisha jamii. Gunn hakuona haya, na Clark hakumwomba mtazamaji amhurumie.

Akiwa anazurura chini ya nyumba, Ganja anafungua friza na kuukuta mwili wa mumewe. Mwigizaji wa filamu ya kutisha hapo hufundishwa kupiga yowe. Clark anakwenda njia nyingine. Anarudi juu na donge la hasira, anamkabili Hess, na katika mazungumzo yanayofuata unaona kitu kigumu sana kuigiza: huzuni na hesabu vikitembea pamoja kwenye uso mmoja. Mumewe amekufa. Mtu huyu amemficha. Mtu huyu pia ni tajiri, ni mpweke na anampenda. Kabla hatujapumua, wanaoana.

Kuna usiku ambapo Ganja anamsimulia Hess kisa cha utotoni. Alirudi nyumbani kutoka kucheza kwenye theluji, na mama yake hakumwamini alikokuwa, akamshuku mambo machafu. Siku hiyo binti yule mdogo akaamua kwamba kuanzia hapo yeye ndiye atakayemtunza Ganja, daima, kwa gharama yoyote. Kamera ya James Hinton haimwachi uso. Clark hainui sauti, na hakuna muziki wa kutusukuma tulie. Anasimulia kama mtu anayeeleza alikonunua viatu, na kadiri anavyokuwa mtulivu ndivyo jeraha linavyoonekana. Baada ya dakika zile, kila alichokifanya tangu alipofika kinaeleweka, na kila atakachokifanya hadi mwisho kimeshaelezwa. Sijaona tukio la kutisha zaidi katika filamu hii, na halina tone la damu.

Hess anamgeuza awe kama yeye, ili wasitengane milele. Lakini Hess ni mwana wa kanisa, na dhamiri inamrudi. Anakwenda ibadani kwa Mchungaji Luther, anayechezwa na Sam Waymon, kaka wa Nina Simone na mtunzi wa muziki wa filamu hii, anapiga magoti madhabahuni, kisha anarudi nyumbani kufa chini ya kivuli cha msalaba. Anamtaka Ganja afe naye. Ganja anamlilia, anamwona akienda, na anakataa kumfuata. Filamu inamwacha hai, jumba likiwa lake, na tabasamu. Nimeshawataja Lena wa Ufilipino na Caroline wa Uingereza. Katika kazi zote za kutisha za Clark, hii ndiyo iliyomwachia mwanamke uamuzi, na haikumwadhibu kwa uamuzi huo.

Ganja & Hess ilionyeshwa Cannes mwaka 1973 katika Wiki ya Wahakiki, ikapokewa vizuri. New York ilikuwa hadithi nyingine. Wahakiki wa magazeti ya huko hawakuielewa, na baadhi yao hawakuona sababu ya kujitahidi. Mwezi wa Mei Gunn aliandika barua kwa gazeti la New York Times, na ni mojawapo ya nyaraka kali zaidi zilizowahi kuandikwa na msanii wa filamu akiwajibu wahakiki. Kati ya mambo aliyoyalalamikia ni jinsi gazeti moja la jiji hilo lilivyomtaja Marlene Clark: kwamba ni kisura fulani wa rangi ya maji ya kunde, basi. Gunn alimtaja kuwa miongoni mwa wanawake wazuri na waigizaji wazuri kuliko wote aliowahi kuwajua, na akasema dharau ya namna ile haiwezi kuoteshwa ndani ya dakika 110 za filamu. Lazima imechukua miaka 250 kukomaa.

Napenda barua ile kwa sababu mwongozaji ambaye kazi yake mwenyewe ilikuwa inazama alitumia nafasi aliyoipata kumtetea mwigizaji wake. Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mhakiki aliyeangalia kazi ile na kuona sura na rangi tu alikuwa amekosa uigizaji uliokuwa ukitokea mbele yake kwa zaidi ya saa moja.

Wenye mali hawakusubiri. Waliotaka Blacula ya pili walikuwa wamepewa shairi, na shairi halikuuza tiketi. Filamu iliondolewa kwenye jumba baada ya muda mfupi, ikauzwa kwa kampuni nyingine iliyoajiri mtu wa kuihariri upya. Iliposhuka mezani kwake ilikuwa na dakika kama 110. Ilipotoka ilikuwa na 78. Ikabandikwa jina la Blood Couple, na baadaye majina mengine, Double Possession likiwa mojawapo. Gunn aliondoa jina lake. Walichokikata kwanza ni kile kisichokuwa na damu: ukimya, mazungumzo, nyuso. Maana yake ni kwamba walimkata Marlene Clark. Mnyonya damu bila meno anaweza kuhimili mkasi, kwa kuwa bado anaua. Mwanamke ambaye utisho wake uko katika namna anavyosikiliza hawezi.

Kilichookoa kazi ile ni kwamba nakala ya filamu nzima ilihifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Kwa miaka mingi waliotaka kuiona Ganja & Hess ya kweli waliitegemea nakala hiyo, na sifa ilienea kwa mdomo, mwanafunzi kwa mwanafunzi, mpenzi wa filamu kwa mpenzi wa filamu. Duane Jones alifariki mwaka 1988. Gunn alifariki tarehe 5 Aprili 1989, siku moja kabla ya tamthilia yake ya The Forbidden City kufunguliwa. Wote wawili hawakuiona filamu yao ikirejeshewa heshima kikamilifu.

Clark aliendelea na kazi. Mwaka 1975 aliigiza Lord Shango, filamu nyingine ya fedha kidogo ambayo inastahili kutazamwa upya na yeyote anayejali jinsi dini za Afrika Magharibi zilivyovuka bahari. Inaanza na ubatizo mtoni unaogeuka mauaji: kijana anayeshika imani ya Kiyoruba anakufa mikononi mwa watu wa kanisa. Clark ni Jenny, mama wa msichana aliyekuwa mchumba wa kijana huyo, na anabeba hatia ambayo hakuna mchungaji anayeweza kumwondolea. Ni kazi tulivu, yenye mapungufu, lakini ukiitazama baada ya Ganja utaona mwigizaji yuleyule akijua uzito wa kunyamaza. Mwaka huohuo alikuwa Muff katika Switchblade Sisters ya Jack Hill, kiongozi wa kundi la wanawake Weusi wenye bunduki na maneno ya Mao kinywani. Filamu hiyo ilianguka, kisha mwaka 1996 Quentin Tarantino akaitoa upya na kizazi kipya kikaishangilia.

Kwenye televisheni ya Marekani alifahamika kwa muda kama Janet, mchumba wa Lamont katika kichekesho cha Sanford and Son, miaka ya 1976 na 1977. Baadaye kazi za uigizaji zikapungua, naye akaendesha mgahawa huko Los Angeles. Wapo wanaoeleza sehemu hii ya maisha yake kama anguko. Mimi sioni aibu yoyote katika kuendesha mgahawa. Aibu ni ya tasnia iliyomwona mtu akifanya alichokifanya mbele ya friza ile, na isimletee mswada mwingine wa maana.

Mwaka 2012 kampuni ya Kino Lorber ilitoa toleo lililosafishwa kutokana na hazina ya jumba lile la makumbusho, na Ganja & Hess ikaanza kufundishwa na kujadiliwa mahali ambapo zamani isingetajwa. Muda mfupi baadaye Spike Lee alichangisha zaidi ya dola milioni 1.4 kutoka kwa mashabiki wake akaitengeneza upya kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus, mwaka 2014. Alimheshimu Gunn kiasi cha kumtaja kama mwandishi mwenza, na alifuata hadithi hatua kwa hatua, mara nyingi neno kwa neno. Ni hapo nilipotambua ni kiasi gani cha filamu ya awali hakikuwa kwenye karatasi. Maneno ya Ganja yapo. Zaraah Abrahams anayasema vizuri, ana umbo na ana majivuno yanayotakiwa. Kinachokosekana ni ile sekunde kabla ya neno, ambapo Clark anamtazama mwenzake na kuamua ampe ukweli kiasi gani.

Marlene Clark alifariki Los Angeles tarehe 18 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 85. Magazeti ya Marekani yalimwandika, na safari hii mengi yalianza na Ganja.

Anayetaka kuitafuta filamu hii aangalie kwanza urefu wake. Toleo la dakika 78 bado linazunguka kwenye intaneti kwa majina mbalimbali, na halifai hata kwa kuonja. Tafuta lile linalokaribia saa mbili, lenye jina la Bill Gunn. Nusu saa ya kwanza itakutaka subira, kwa kuwa Gunn hana haraka na hafafanui. Ganja akishapiga simu, hutaizima.